Mshale wa mizunguko ya injini umelala: namna ya kutafuta ugonjwa kwenye gari la zamani

Mshale wa mita ya mizunguko ukilala kwenye sifuri huku injini inanguruma vizuri, ushauri wa kwanza utakaoupata hapa Bukavu ni kutafuta tablo nyingine (kile kibao cha mita mbele ya dereva) ya mitumba. Usikimbilie huko. Mita yenyewe hufa mara chache kuliko vitu vilivyo njiani kuifikia: fyuzi, masi (njia ya umeme kurudi kwenye batri), kiungio kilicholiwa na kutu, waya uliokatwa na yule aliyefunga radio au alamu. Ukifunga tablo ya mitumba juu ya ugonjwa uleule, nayo italala, na pesa zimeshakwenda.

Kazi yote inayofuata inasimama juu ya jambo moja: mita ni mpokeaji tu. Kuna kitu kwenye injini kinachotoa hesabu ya mizunguko, kuna waya unaoibeba hesabu hiyo hadi kwenye tablo, na kuna umeme na masi vinavyoipa mita nguvu ya kuisoma. Ukipima kila kipande kwa zamu, ukianza na kilicho karibu na mkono, utajua ugonjwa umelala wapi kabla hujafungua visi hata moja ya tablo.

Wapo wanaosema mita hii ni pambo, injini husikilizwa kwa sikio. Kwa shofa mzoefu kuna ukweli ndani yake. Lakini huku kwetu ni milima. Anayeteremka Ngomo kwenda Kamanyola akiwa na mzigo anaingiza vitesi ya pili na kuiacha injini imzuie. Bila mita hajui kama ameikaribia alama nyekundu. Halafu kuna faida nyingine isiyotumiwa sana: mita hii ni shahidi. Gari likikatika njiani, tazama mshale kabla hujakanyaga kilachi. Ukianguka sifuri ghafla wakati magurudumu bado yanaizungusha injini, moto wa buji ndio uliokatika, kwa hiyo tafuta kwenye bobini (inayotengeneza moto wa buji), moduli ya moto (inayokata umeme wa bobini) au delko (inayougawa moto kwa kila buji). Mshale ukiendelea kuonyesha mizunguko na kushuka taratibu pamoja na injini, moto upo. Elekea kwenye esansi (petroli). Hata wakati wa kudemara (kuwasha injini), kwenye magari mengi yenye delko mshale hutikisika kidogo demareri inapozungusha. Gari limekataa kuwaka na mshale hautikisiki kabisa? Usianze kufungua pampu ya esansi.

Kwanza ujue hesabu inatoka wapi

Hapa ndipo watu wengi hupotea, maana njia ya kupima inategemea aina ya gari.

Gari la esansi la zamani, lenye bobini na delko, hutoa hesabu upande wa hasi wa bobini. Kila buji inapopigwa moto, umeme wa bobini hukatwa, na kila mkato ni pigo moja linalokwenda kwenye mita. Injini ya silinda 4 hupiga mara 2 kwa kila mzunguko wa kreniki (mhimili mkuu wa injini), ya silinda 6 mara 3, ya silinda 8 mara 4. Kwenye Toyota za miaka ya 1990, kama Corolla na Carina zenye injini ya 4A-FE au 5A-FE, pigo hilo hupitia moduli ya moto, na Toyota wameacha mahali pa kulichukulia bila kuhangaika: kile kiboksi cha plastiki chini ya kapo (boneti) kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fungua mfuniko wake, ndani yake kuna ramani ya matundu, tafuta IG-.

Gari la mazutu (dizeli) halina bobini, kwa hiyo hesabu hutoka kwingine. Baadhi yana sensa ya sumaku kwenye pampu ya injeksheni au karibu na volani ya injini. Mengine, kama Land Rover za injini ya 300Tdi na Volkswagen Golf za mazutu za zamani, huchukua hesabu kwenye alternateri, kwenye ncha yenye herufi W.

Magari ya zamani kabisa yana kebo inayozunguka, kama ile ya mita ya kilometa. Huko hakuna la kupima kwa umeme: chomoa kebo, zungusha ncha moja kwa vidole, ncha ya pili isipozunguka kebo imekatika.

Na yale yaliyokuja baadaye, yenye bobini moja kwa kila buji, hesabu hutolewa na kompyuta ya injini. Kama injini inawaka vizuri, kompyuta inaijua mizunguko. Kilichobaki ni waya kati yake na tablo.

Vifaa

Multimetri yenye kipimo cha hezi (Hz) ndiyo silaha kuu. Isiyo na hezi itakusaidia nusu ya kazi. Ongeza waya mrefu wa mita tatu hivi wenye vibanio pande zote mbili, msasa laini, turnevisi za nyota na za bapa, tochi ya kichwani, na simu ya kupigia picha kila kiungio kabla ya kukichomoa. Pasi ya kulehemu ya wati 30 hadi 40 iwe karibu, lakini huenda usiihitaji.

Taa ya kupimia yenye glopu, ile ambayo kila fundi anayo mfukoni, iache kwenye waya wa hesabu. Glopu hula umeme mwingi kuliko waya huo ulivyopangiwa na inaweza kuua transista ya moduli au ya kompyuta. Itumie kwenye fyuzi tu.

Soma ugonjwa kabla ya kushika chombo

Washa gari, liache kwenye ralanti (injini ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta), kaa, tazama. Dakika chache za kutazama zinapunguza kazi ya nusu siku.

Mshale umekufa peke yake, lakini mita ya joto na ya mafuta zinafanya kazi: shaka iko kwenye waya wa hesabu au kwenye mita. Zote zimekufa pamoja: fyuzi, au masi ya tablo. Mshale unaruka-ruka kama unapigwa: kiungio kilicholegea, visplatine (vile vyuma vya ndani ya delko vinavyokata umeme wa bobini) zilizoungua, au kelele za umeme kutoka kwenye waya za buji. Mshale unasogea unapowasha taa kubwa au unapokanyaga breki: masi, karibu bila ubishi. Unafanya kazi asubuhi na kufa gari likishapata joto: tilia shaka ulehemu uliopasuka ndani ya mita, au moduli ya moto. Unafanya kazi, lakini namba haziaminiki: soma sehemu ya mwisho, huenda tablo hiyo haikuzaliwa na injini hiyo.

Uliza pia gari lilifanyiwa nini karibuni. Alamu mpya? Kifaa cha kufuatilia gari? Glopu za LED? Fremu ilichomelewa? Hilo la mwisho lina uzito huku kwetu, ambako barabara huvunja fremu na mabano kila msimu. Fundi akichomelea bila kuchomoa batri, umeme wa mashine yake hutafuta njia ya kurudi popote, na moja ya njia hizo ni tablo yako. Chomoa ncha zote mbili za batri kila mara mashine ya kuchomelea inapoletwa, na kibanio cha masi ya mashine kikae karibu kabisa na mahali panapochomelewa.

Lipo na jambo la magari ya Japani yaliyohamishwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto. Waya zilizokuwa zinafika kwenye tablo upande wa kulia hukatwa na kuongezwa urefu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inadumu; ikifanywa kwa kusokota nyaya na kuzungushia utepe, viungio vyote vinaoza kimyakimya nyuma ya dashibodi. Kama gari lako ni mojawapo, weka alama kichwani: huko ndiko utakakoishia.

Umeme na fyuzi

Pima batri gari likiwa limezimwa: volti 12.4 hadi 12.7 ni nzima. Washa injini: 13.8 hadi 14.5. Ikizidi 15, simamisha kazi yote, tengeneza alternateri kwanza, maana hiyo ndiyo inayoua mita, na itaua na hiyo mpya.

Kwenye Toyota za umri huu tafuta fyuzi iliyoandikwa GAUGE, kwa kawaida ya ampea 10, kwenye boksi la ndani karibu na miguu ya dereva. Mara nyingi fyuzi hiyohiyo inalisha taa za kurudi nyuma, kwa hiyo ukiingiza rivasi na taa haziwaki, umepata dokezo la bure. Usiitazame fyuzi kwa macho tu. Weka kontakti (fungua ufunguo bila kuwasha injini), gusa multimetri kwenye zile nukta mbili za chuma juu ya mgongo wake: pande zote mbili zitoe volti 12. Upande mmoja 12 na mwingine sifuri, imekatika. Ikikatika tena baada ya kuibadilisha, kuna waya umegusa bodi. Usiweke ya ampea 20, na kipande cha waya wa shaba usikifikirie kabisa.

Masi, na tena masi

Kama ningeambiwa nichague kipimo kimoja tu cha kufanya kwenye gari la zamani, ningechagua hiki. Masi ni njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya batri kupitia bodi na injini, na bodi ya gari lililokula mvua za Bukavu kuanzia Septemba hadi Mei haiaminiki. Visi inayoshika waya wa masi huonekana imekaza, kumbe chini yake kuna kutu au rangi. Gari lililopakwa rangi upya ni la kulishuku zaidi, kwa sababu mpakaji rangi hupitisha rangi juu ya kila kitu na anayerudisha waya huzifunga juu ya rangi hiyo.

Watu wengi hupima masi kwa omu, gari likiwa limezimwa, multimetri inalia, wanasema ni nzima. Hapo wamedanganywa. Waya wa nyuzi ishirini uliobakiwa na uzi mmoja bado utalia. Masi hupimwa ikiwa inafanya kazi. Weka multimetri kwenye volti za DC, kipimo kidogo. Washa injini, taa kubwa, feni ya ndani, kila kitu. Ncha moja iguse nguzo ya hasi ya batri yenyewe, si kile kibanio kinachoishika. Ncha ya pili iguse masi ya tablo, au ile visi ya masi iliyo nyuma ya plastiki ya pembeni ya miguu. Ukisoma chini ya volti 0.1, masi ni nzuri. Ukisoma 0.3 na kupanda, hapo pana ugonjwa. Kisha rudia kati ya hasi ya batri na chuma cha injini, kwa maana mkanda wa masi kati ya injini na bodi hukatika na kusahaulika. Hapo, taa na feni zikiwaka, isizidi 0.2.

Uthibitisho ni rahisi kuliko kipimo. Chukua ule waya mrefu, banika upande mmoja kwenye hasi ya batri, upande wa pili kwenye masi ya tablo. Mshale ukiamka, kazi imekwisha: hukuhitaji tablo. Fungua visi ya masi ya asili, sugua chuma kwa msasa mpaka king'ae, sugua na ile pete ya waya, kaza, halafu paka grisi juu yake ili maji yasirudi.

Fundi wa pembeni ya barabara akikwambia, “Papa, hii tablo imekufa, nikutafutie ingine Kadutu?”, mwombe akuonyeshe kwanza kipimo hiki. Mwenye ujuzi hatakasirika.

Kuitafuta hesabu kwenye injini ya esansi

Hapa tahadhari ije kabla ya maelezo. Waya nene za buji hubeba zaidi ya volti 20,000. Usizishike injini ikizunguka. Na upande wa hasi wa bobini, ingawa unaonekana ni wa volti 12, kila mkato hurusha pigo la volti mia kadhaa. Multimetri iwe ya kupima angalau volti 600, mikono isiguse vyuma vya ncha. Halafu hili kwa herufi kubwa: IG- ISIGUSE MASI. Toyota wenyewe wanaonya kwamba ncha hiyo ikigusa bodi, moduli ya moto au bobini inaweza kuungua. Ingiza pini nyembamba kwenye tundu lake gari likiwa limezimwa, zungushia utepe, ndipo uwashe.

Weka multimetri kwenye hezi, ncha nyeusi kwenye hasi ya batri, nyekundu kwenye IG- au hasi ya bobini. Hesabu ni nyepesi: kwa silinda 4, zidisha hezi kwa 30 upate mizunguko kwa dakika, kwa silinda 6 zidisha kwa 20. Ralanti ya 750 kwenye silinda 4 ni hezi 25. Panda hadi 3,000, utasoma hezi 100. Namba ikipanda na kushuka kwa utulivu pamoja na mguu wako, chanzo ni kizima, na tatizo liko mbele, kati ya hapo na mshale. Namba ikiruka ovyo wakati injini inazunguka sawasawa, kelele imeingia tangu hapa.

Kama multimetri yako haina hezi, weka kwenye volti za AC. Kusoma volti kadhaa zinazobadilika kunakuambia kwamba kuna mapigo, ingawa hakukuambii ni mangapi.

Kelele mara nyingi huletwa na waya za buji. Waya za asili zina ukinzani ndani yake. Toyota huruhusu hadi kilo-omu 25 kwa waya mmoja. Ukipima waya ukakuta karibu sifuri, mtu amekufungia waya za shaba tupu, ambazo hurusha kelele kama kituo cha radio. Ukikuta zaidi ya kilo-omu 25, umechoka. Buji nazo ziwe zenye kizuia kelele: kwenye NGK ni ile herufi R katikati ya namba, mfano BKR5E. Kwenye injini za visplatine, tazama nyuso zake: zikiwa na mashimo na rangi ya moshi, mkato hauwi safi, mshale utaruka, na injini pia itakohoa ukipanda kutoka Nguba.

Kabla ya kuondoka hapo, chomoa kwa muda kila kilichoongezwa: chaja ya simu ya bei rahisi, alamu, glopu za LED. Chaja mbovu peke yake inaweza kuutikisa mshale, na hakuna anayeishuku. Ukikuta kopo dogo la chuma lenye waya mmoja limefungwa kwenye bobini, hiyo ni kondensateri ya kuzuia kelele za radio. Mahali pake ni upande wa chanya. Ikifungwa upande wa hasi kwa bahati mbaya, humeza mapigo na kuuharibu hata moto wenyewe.

Kwa wenye mazutu

Sensa ya sumaku hupimwa kwa kuchomoa kiungio chake na kusoma omu kati ya pini mbili: kwa kawaida mia kadhaa, mara nyingine zaidi ya elfu. Ukisoma mkato kamili, waya mwembamba wa ndani umekatika, sensa ni ya kubadilisha. Ikisoma vizuri, weka AC, washa injini: volti zipande kadiri mizunguko inavyopanda. Ichomoe pia uifute. Vumbi la chuma hung'ang'ania sumaku na kuidhoofisha.

Kwenye W ya alternateri, pima hezi vilevile, lakini hesabu yake ni tofauti. Alternateri nyingi zina jozi 6 za ncha za sumaku, na puli yake ndogo huizungusha haraka kuliko kreniki. Tuseme mara 2.2: injini ikiwa 750, utasoma karibu hezi 165. Ndiyo maana aliyebadilisha alternateri akafunga yenye puli ya ukubwa mwingine huona mita inadanganya kuanzia siku hiyo, na hakuna kilichoharibika. Mita nyingi za aina hii zina visi ndogo ya kurekebisha nyuma. Mkanda uliolegea nao hushusha mshale, hasa ukiwasha taa zote, utausikia ukilia.

Waya kati ya injini na tablo

Chomoa batri. Chomoa waya wa hesabu pande zote mbili, kwenye injini na kwenye tablo, ndipo upime omu kutoka mwisho hadi mwisho: chini ya omu 1. Kisha pima kati ya waya huo na bodi: kusiwe na mawasiliano yoyote. Huku ukipima, mwombe mtu autikise waya pale unapopita kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na miguu. Ile raba ya tundu hukauka, chuma huanza kuila ngozi ya waya. Hapo ndipo pia wafunga alamu hupenda kung'ang'ania.

Ukikuta kiungio cha kusokota, kikate, kilehemu upya, kivishe mrija wa joto, ule unaonywea ukipashwa moto. Utepe peke yake hudumu hadi msimu wa jua unaofuata, gundi ikayeyuka.

Kufungua tablo

Umefika hapa kwa sababu umeme upo, masi ipo, hesabu inafika. Fanya kazi hii mchana jua limewaka, kwa maana plastiki ya miaka thelathini ikiwa ya baridi hukatika vishikio. Chomoa hasi ya batri. Gari lenye airbag lisubiri angalau sekunde 90 kabla hujagusa chochote karibu na usukani. Shusha usukani kama unashuka, ondoa visi za fremu, kisha zile za tablo yenyewe. Kwenye tablo yenye kebo ya kilometa, usivute: ingiza mkono nyuma, bonyeza kishikio chake, kebo itoke. Ikigoma, sukuma kebo kutoka upande wa injini ipate ulegevu.

Kabla ya kuchomoa viungio vyote, fanya kipimo kinachomaliza mabishano. Nyuma ya mita ya mizunguko kuna visi au nati tatu, na kwenye Toyota nyingi zimeandikwa: IG+ ni umeme, E ni masi, IG- ni hesabu. Rudisha batri tablo ikiwa imening'inia, weka kontakti, pima IG+ na E: volti 12. Washa injini, pima IG- na E: hezi zilezile ulizosoma kwenye injini. Vyote vitatu vikiwepo na mshale umelala, mita ndiyo mgonjwa. Kimoja kikikosekana hapa ilhali kilikuwepo kwenye kiungio, ugonjwa uko kwenye ile karatasi ya plastiki yenye mistari ya shaba inayofunika mgongo wa tablo.

Hiyo karatasi isugue kwa kifutio cha penseli pale pini zinapogusa, mpaka shaba ing'ae. Zile nati tatu zilegeze na uzikaze tena. Si za kushika mita tu, umeme unapita ndani yake, na kutu kidogo chini yake hutosha kuulaza mshale. Mara nyingi sana tablo “iliyokufa” hufufuka hapa. Mstari wa shaba ukiwa umekatika, usijaribu kuulehemu moja kwa moja, plastiki itayeyuka. Pitisha waya mwembamba juu yake kutoka nati hadi kwenye pini.

Mita yenyewe ikiwa ndiyo, itoe, tazama bodi yake kwa kioo cha kukuzia. Tafuta duara jembamba jeusi kuzunguka pini, mahali ulehemu ulipopasuka. Gusa kwa pasi ya moto, ongeza risasi ya kulehemu kidogo, toka haraka. Kondensateri iliyovimba au iliyomwaga maji, weka yenye mikrofaradi zilezile na volti sawa au zaidi, ya kuhimili joto la nyuzi 105, na mstari wa hasi uelekee ulikokuwa. Mshale usiung'oe kama huna sababu. Ukiung'oa, mahali pake pa sifuri hupotea. Wala usitie mafuta kwenye mhimili wake. Kioo cha mbele kioshe kwa maji na sabuni, esansi hukifanya ukungu usiotoka.

Mshale unafanya kazi lakini unadanganya

Injini zinabadilishwa sana mjini, na tablo huhamishwa kutoka gari hadi gari. Mita ya silinda 6 kwenye injini ya silinda 4 husoma theluthi mbili ya ukweli: injini ni 3,000, yenyewe inasema 2,000. Mita ya silinda 4 kwenye injini ya 6 huongeza nusu. Mita iliyotoka kwenye gari la mazutu haitaelewana na bobini hata ukiibembeleza, na pigo la bobini linaweza kuiunguza.

Ili kujua kama mita inasema kweli, weka alama ya chokaa kwenye puli ya kreniki na uipige video ya taratibu ya picha 240 kwa sekunde. Hesabu picha zinazopita alama ikizunguka mara 10, gawanya 144,000 kwa idadi hiyo. Picha 192 ni mizunguko 750. Picha 160 ni 900.

Usiku, umeme wa SNEL (shirika la umeme la taifa) ukiwepo, kuna njia ya wazee. Taa ya mrija ya zamani, yenye balasti nzito, humwekamweka mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50. Chini ya taa hiyo, mizunguko ikifika 1,500, alama moja ya chokaa itaonekana kama alama nne zilizosimama. Ikifika 3,000, mbili zinazotazamana. Jenereta ndogo haifai, hezi zake zinayumba, na glopu nyingi za LED hazimwekimweki hivyo. Uwe macho: feni inayozunguka nayo inaweza kuonekana imesimama chini ya taa hiyo. Nywele, skafu na mikono vikae mbali.

Kama mwishowe ni lazima ununue tablo, linganisha namba iliyoandikwa nyuma yake na ya kwako, si sura ya mbele. Hakikisha ni ya idadi ileile ya silinda, ya esansi kwa esansi, na ya aina ileile ya gia, kwa kuwa za otomatiki zina taa za P, R, N, D ambazo gari lako halitazitumia. Mwombe muuzaji muifunge kwenye gari kabla ya kulipa. Viungio vikifanana ni kazi ya dakika chache. Na piga picha kilometa za tablo yako ya zamani, uiweke pamoja na karatasi za gari, maana atakayelinunua kesho atakuuliza.